Kabla Hujauamini Mshono: Kuchomelea Chuma kwa Kijana Mkulima

 Msimu wa kahawa ukikaribia, simu zangu hubadilika. Badala ya kuulizwa mbolea na chulebuni, naulizwa vyuma. "Bwana shamba, mashine ya kumenyea imepasuka." "Bwana shamba, tela limekatika, nifanyeje?" Diploma yangu ni ya kilimo, si ya ufundi. Lakini mwenye shamba la biashara anatembea na chuma kila siku: tela, toroli, pampu, mashine ya kumenya, chanja za kuanikia, geti la zizi. Kikikatika chuma wakati wa mavuno, mazao hayakusubiri.

Leo tuzungumze kuchomelea kwa anayeanza kabisa. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita kikundi cha vijana wanne kilinunua pawatila na tela lake. Mkono wa tela, yaani kile chuma kinachoshikana na pawatila, ulikuwa umepinda. Mimi nilikuwa nimejifunza kuchomelea kwa fundi mmoja pale Mbinga mjini, jioni jioni baada ya kazi, kwa miezi kama miwili. Nilikuwa nimeshanunua kimashine changu. Nikawaambia, "Msipoteze hela, leteni kwangu." Nikakata palipopinda, nikaweka kipande cha pleti ya milimita 8, nikachomelea. Mshono ukatoka mzuri, umepangana kama magamba ya samaki. Nikapaka rangi. Vijana wakafurahi, na mimi nikajiona fundi.

Wiki ya pili, wakishuka na magunia ya kahawa mbivu kwenda kwenye mtambo wa kumenya, mkono ule ukaachia katikati ya mteremko. Tela likaacha barabara, likapinduka kwenye ngoro za mtu. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu ya magunia. Aliwahi kuruka, akavunjika mkono. Kahawa iliokotwa mpaka giza likaingia, ikamenywa kesho yake, na ubora wake ukashuka. Lakini kahawa si kitu. Nilichokuwa nakifikiria njia nzima kwenda hospitali ni kama yule kijana angechelewa kuruka.

Nilipoenda kuangalia, chuma chenyewe kilikuwa kizima. Mshono ndio ulibanduka, kama ukoko wa ugali unavyobanduka kwenye sufuria. Chini yake niliiona rangi ya zamani, na kutu, vyote viko pale pale. Baba wa yule kijana, mzee mpole tu, aliutazama akaniambia: "Bwana shamba, wewe ulikipaka chuma. Hukukiunga."

Sentensi ile ndiyo somo lote la leo. Mengine ninayoandika ni maelezo yake tu.

Kuunga ni nini, na kupaka ni nini

Kuchomelea ni kuyeyusha kingo za vyuma viwili pamoja na chuma cha kujazia, ili vikipoa viwe kitu kimoja. Chuma cha kawaida kinayeyuka kwenye nyuzi joto karibu 1,500. Kama kingo zenyewe hazikuyeyuka, ulichofanya ni kudondosha chuma cha moto juu ya chuma cha baridi. Kwa juu kitang'aa, kwa ndani hakuna kilichoshikana. Hapo ndipo nilipokosea: nilitumia kijiti chembamba cha milimita 2.5, umeme mdogo, kwenye pleti nene, juu ya rangi. Makosa manne kwenye mshono mmoja.

Usichanganye na kulehemu. Kulehemu ni kuunga kwa risasi au shaba bila kuyeyusha chuma chenyewe. Nako kuna kazi yake, tutakuja kuiona.

Njia zilizopo

Njia utakazokutana nazo huku kwetu ni tatu.

Ya kwanza ni ya umeme na vijiti. Kijiti kina waya wa chuma katikati na unga uliokaushwa kwa nje. Moto wa umeme ukiwaka, waya unayeyuka na kuingia kwenye mshono, na ule unga unatoa moshi unaozuia hewa isiharibu chuma cha moto. Kisha unaacha gamba juu ya mshono, ambalo mafundi wengi huliita slegi. Hii ndiyo njia ya mkulima. Inavumilia upepo, mashine yake inabebeka, na vijiti vinapatikana hadi madukani.

Ya pili ni ya gesi, oksijeni na asetilini. Mwali wake unapita nyuzi joto 3,000. Ni nzuri kwa bati jembamba, kwa kukata pleti nene na kwa kulehemu kwa shaba. Mitungi yake inataka uangalifu mkubwa, kwa hiyo wewe unayeanza mwachie fundi mwenye karakana.

Ya tatu ni mashine zinazosukuma waya wenyewe huku gesi ikilinda mshono, maarufu kwa jina la MIG. Ni za haraka na safi ukiwa ndani ya karakana. Ukiwa nje shambani, upepo unaipeperusha ile gesi na mshono unajaa vitundu.

Mashine na umeme

Tangu mkoa wetu uunganishwe na Gridi ya Taifa kwa laini ya Makambako hadi Songea mwaka 2018, vijana wengi wamenunua mashine ndogo za inveta. Ni nyepesi, unaibeba begani, na zinakula umeme kidogo kuliko zile nzito za transfoma. Lakini kuna mambo matatu ya kuangalia.

Moja, usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Mashine ndogo nyingi zimeandikwa ampea nyingi kuliko zinazotoa. Ijaribu dukani kwa kijiti cha milimita 3.2. Ikishindwa kukiendesha vizuri, iache hapo hapo.

Mbili, waya wa kuunganishia. Waya mwembamba na mrefu unakula umeme njiani, mashine inapata pungufu, na mshono haupenyi. Tumia waya mnene, wa milimita mraba 2.5 au zaidi, na uukunjue wote. Ukiuacha umezungushwa kwenye gurudumu lake unapata joto hadi plastiki inayeyuka.

Tatu, jenereta. Kwa inveta inayoendesha kijiti cha 3.2 tafuta jenereta ya kVA 5 au 6. Ile ndogo ya kuwashia taa za dukani itazimika, au itaharibu mashine yako.

Kijiti na ampea

Kijiti kinachouzwa sana ni 6013. Namba hizo zina maana. Zile 60 za mwanzo ni nguvu ya kuvutwa ya chuma chake: pauni 60,000 kwa inchi moja ya mraba. Namba 1 inasema kinafanya kazi pande zote, chini, wima na juu ya kichwa. Ile 3 inaeleza aina ya unga na umeme unaofaa. 6013 kinawaka kirahisi na kinamvumilia anayeanza. 7018 kina nguvu zaidi na kinahimili mtikisiko, ila hakitaki unyevu hata kidogo na ni kigumu kukiwasha. Mkono wa tela mafundi wengi hupendelea uchomelewe kwa hicho.

Anzia hapa:

- Kijiti cha 2.5 mm: ampea 60 hadi 90, kwa chuma cha milimita 2 hadi 4.
- Kijiti cha 3.2 mm: ampea 90 hadi 130, kwa chuma cha milimita 4 hadi 8.
- Kijiti cha 4.0 mm: ampea 140 hadi 180, kwa chuma kinene zaidi.

Ukisahau, chukua ampea kama 35 kwa kila milimita ya kijiti, jaribu kwenye kipande kibovu, kisha rekebisha.

Unyevu ni adui mkubwa huku kwetu. Mbinga kuna ukungu, na kule Mbamba Bay na Lituhi kuna hewa ya ziwani. Vijiti vikikaa wazi vinavuta maji, na maji hayo yanaenda kuwa vitundu na nyufa ndani ya mshono. Weka vijiti kwenye kopo lenye mfuniko mkali, usiviache sakafuni. Vya 6013 vikipata unyevu kidogo unaweza kuvikausha kwenye joto la nyuzi 100 hadi 120 kwa saa moja. Vya 7018 vinahitaji oveni ya nyuzi 300 na zaidi, kwa hiyo nunua vichache, fungua pakiti siku ya kazi.

Kijue chuma kabla hujakigusa

Hapa ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Anayeanza anaona chuma ni chuma tu. Sivyo. Kuna kipimo cha bure: grinda. Gusisha chuma kwenye jiwe la grinda uangalie cheche.

Chuma cha kawaida, kile cha engo, flatiba na bomba la mraba, kinatoa cheche ndefu za njano zenye matawi machache. Hiki ndicho chako. Chomelea.

Chuma chenye kaboni nyingi, kama springi za gari, kinatoa cheche zinazopasuka pasuka kama fataki karibu na jiwe. Kikichomelewa na kupozwa haraka kinakuwa kigumu kama kioo na kinakatika pembeni ya mshono. Nondo nazo, hasa zile zisizojulikana zimetoka wapi, usiziamini. Zifanye uzio na chanja, si mkono wa tela.

Kasti, yaani chuma kilichosubiwa, kinatoa cheche fupi, nyekundu, zilizofifia, na vumbi lake ni jeusi kama masizi. Mashine nyingi za mkono za kumenyea kahawa zina mwili wa kasti. Ndiyo maana zikipasuka na fundi akazipiga 6013, siku hiyo mnamshukuru, kesho asubuhi ufa umerudi pembeni kidogo ya ule wa kwanza, na mrefu zaidi. Si kwamba fundi ni mwizi. Kasti ina kaboni asilimia 2 hadi 4, haina mnyumbuko. Sehemu moja ikipata moto inatanuka, nyingine bado ya baridi, inapasuka.

Mashine ya kumenyea ikipasuka fanya hivi. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Kama sehemu ile inabeba mzigo mdogo, funga kiraka cha pleti kwa bolti. Si aibu, na mara nyingi ndiyo dawa ya haraka msimu ukiwa katikati. Ukitaka kuunga, mpelekee fundi wa gesi alehemu kwa shaba, au mwenye vijiti vya nikeli. Atapasha mwili mzima moto kwanza, atapiga vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, kisha ataifukia kwenye majivu makavu ipoe polepole. Na tafadhali, usisubiri ufa ufike mwisho. Kahawa inatakiwa imenywe siku ile ile iliyochumwa, kwa hiyo mashine ikaguliwe kabla ya msimu, si siku magunia yapo uani.

Kisha kuna bomba la GI, lile la maji lililopakwa zinki. Zinki inachemka na kuwa moshi kwenye nyuzi 907, mbali sana kabla chuma hakijayeyuka. Kijana mmoja wa ziwani alikuwa anatengeneza chanja za kuanikia dagaa kwa mabomba ya zamani ya maji. Mvua ikanyesha, akahamia stoo, akafunga mlango, akapiga kazi mchana kutwa. Usiku akatetemeka, homa, kichwa, mdomo una ladha ya chuma. Alipimwa malaria, hakuna. Ilikuwa homa ya moshi wa zinki. Iliisha baada ya siku moja na kitu, ila alipata somo. Saga zinki yote ukiwa nje, sentimita 5 kila upande wa mshono, chomelea mahali penye hewa, na ukae upande upepo unakotokea. Ile habari ya kunywa maziwa kwanza haizuii chochote. Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kwenye mapafu.

Hatua kwa hatua

1. Safisha hadi chuma king'ae. Rangi, kutu, grisi na udongo vyote vitoke, sentimita 2 hadi 3 kila upande. Kazi hii inachosha kuliko kuchomelea kwenyewe, ndiyo maana watu wanairuka. Mimi niliiruka.

2. Chonga kingo. Chuma kinachozidi milimita 5 hivi, chonga kingo zikikutana ziwe na umbo la V, na uache nafasi ndogo chini, milimita 2 au 3. Bila hivyo moto hautafika ndani.

3. Funga athi kwenye chuma kitupu, karibu na unapochomelea. Kwenye pawatila au pikipiki, toa betri kwanza. Umeme ukipita kwenye beringi unaziharibu bila wewe kujua.

4. Piga doti. Shikiza kwa nukta ndogo ndogo pande zote, kisha pima tena kabla ya kuendelea. Chuma kinavuta kinapopoa. Geti likichomelewa upande mmoja mfululizo, lazima litapinda. Piga kidogo huku, hamia upande wa pili.

5. Washa kama unavyowasha kiberiti, usigongegonge. Nafasi kati ya ncha ya kijiti na chuma iwe sawa na unene wa kijiti. Laza kijiti kidogo kuelekea unakokwenda ili moto urudi kwenye mshono. Usikimbie. Upana wa mshono uwe mara mbili hadi tatu ya unene wa kijiti.

6. Sikiliza. Mshono unaokwenda vizuri unalia kama dagaa kwenye mafuta ya moto, mfululizo. Ukisikia pa-pa-pa, uko mbali mno. Kijiti kikiganda, umeme mdogo au umekaribia mno.

7. Ondoa gamba lote kwa nyundo na brashi ya waya kabla ya kupiga mshono wa pili juu yake, na kabla ya kupaka rangi. Kwa watu wa ziwani hili ni muhimu mara mbili, kutu inaanzia pale pale penye gamba.

8. Acha ipoe yenyewe. Nimeona mafundi wengi wanamwagia maji ili mteja aondoke haraka. Maji ya baridi kwenye mshono wa moto ni kutengeneza ufa kwa makusudi.

Kasoro na jinsi ya kuzitambua

Hata kama hutashika mashine maisha yako yote, soma sehemu hii. Itakusaidia unapolipa hela ya fundi.

*Kutoshikana na kutopenya.* Ndiyo kasoro mbaya kuliko zote kwa sababu imejificha. Dalili: mshono umekaa juu juu, umevimba, kingo zake zimejikunja kama tone la nta badala ya kulala vizuri kwenye chuma. Sababu: umeme mdogo, mwendo wa haraka, uchafu, kingo hazikuchongwa.

*Vitundu.* Mshono una matundu kama mkate. Sababu: vijiti vyenye unyevu, rangi, grisi, zinki, upepo mkali, au kijiti kushikwa mbali.

*Gamba kunaswa ndani.* Unaona mistari myeusi katikati ya mshono. Sababu: gamba la mshono wa kwanza halikuondolewa, au kijiti kimeshikwa vibaya hadi gamba likatangulia mbele ya chuma.

*Mfereji pembeni.* Moto umekula chuma kando ya mshono na haukujaza. Chuma kimekuwa chembamba pale pale kinapobeba mzigo. Sababu: umeme mkubwa au mwendo wa haraka.

*Kutoboka.* Kwenye bati na bomba jembamba. Punguza ampea, tumia kijiti chembamba, piga vipande vifupi.

*Nyufa.* Hazina msamaha. Nyingi zinaanzia mwisho wa mshono, pale ulipokatiza moto ghafla ukaacha kishimo. Ukifika mwisho, rudi nyuma kidogo, jaza, ndipo utoe kijiti. Ufa ukionekana usipige mshono juu yake. Usage wote hadi uishe, kisha uanze upya.

Kwa nini nasema ufa hauna msamaha? Mwaka 1914, pale Liuli, wakati huo Wajerumani wakiiita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Waingereza ikiwa imepandishwa nchi kavu. Meli za enzi hizo zilishikizwa kwa misumari ya ribiti, pleti moja juu ya nyingine. Ribiti ni kazi ya jasho, ila ina faida moja: ufa ukitokea kwenye pleti, mara nyingi unaishia ukingoni mwake. Baadaye dunia ikahamia kwenye kuchomelea, na meli nzima ikawa kama kipande kimoja. Januari 1943 huko Oregon, Marekani, meli ya mafuta iitwayo Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia tu gatini, siku ya baridi. Chuma kiligeuka kigumu, ufa ukaanza mahali padogo, na hapakuwa na ukingo wa kuuzuia. Leo meli zetu za Ziwa Nyasa, MV Njombe, MV Ruvuma na MV Mbeya II, ni za kuchomelea, kwa sababu mafunzo yale yalizingatiwa. Tela lako nalo ni hivyo hivyo. Ufa wa sentimita moja haukai sentimita moja.

Jipime kabla ya kumbebesha mtu mzigo

Chukua vipande viwili vya flatiba, visimamishe kama herufi T, chomelea upande mmoja tu. Kikipoa, bana kwenye jiriwa, kipige nyundo upande usio na mshono uulazimishe mshono upinde. Ukikunjika bila kukatika, vizuri. Ukikatika, tazama ndani: ukiona chuma cha kijivu kilichochanika, ulikuwa umeunga. Ukiona uso laini wenye ngozi ya zamani ya chuma, ulikuwa umepaka. Mimi sasa sigusi kazi ya kubeba mzigo kabla sijavunja kipande cha namna hiyo siku ile ile, kwa kijiti kile kile.

Kwa kazi iliyokwisha tumia mafuta ya taa na chaki. Mshono ukiwa umepoa kabisa, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa pakauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatatoka yachore mstari. Kwa tangi la maji, paka chaki nje na mafuta ya taa ndani, doa likitokea ujue panavuja.

Mwili wako

Miwani ya jua si kinga. Mwanga wa kuchomelea unaunguza macho kimya kimya, na maumivu yanakuja usiku, kama una mchanga machoni. Vaa kinyago chenye kioo cheusi namba 10 au 11, na uwafukuze watoto wanaokuja kutazama. Kama hela haitoshi, nunua kinyago kwanza, mashine baadaye. Vaa glovu za ngozi, nguo za pamba na viatu vilivyofunika mguu. Usichomelee umesimama kwenye matope au umelowa mvua.

Na kuna kazi ambazo usiziguse kabisa. Pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli, dizeli, rangi au dawa za shamba: hata likionekana tupu mvuke umo, na pipa linalipuka kama bomu. Rimu ya gurudumu yenye tairi juu yake. Mtungi wa gesi. Uma wa pikipiki, breki na usukani. Hivyo mpelekee mwenye ujuzi au nunua kipya. Ukitaka ujuzi huo uwe wako, VETA wapo Songea na uchomeleaji ni moja ya fani zao. Nenda ukasome, usijifunze kwa mgongo wa mwenzako kama mimi.

Yule kijana mkono wake ulipona. Mkono wa tela niliurudia, safari hii nikiwa na yule fundi wangu wa Mbinga mjini ameniegemea begani. Tulisaga hadi chuma kikang'aa, tukachonga V pande zote mbili, tukatumia 3.2 kwa mshono wa kwanza na 4.0 kwa wa kujaza, tukaongeza viraka vya kuimarisha pembeni. Ilichukua siku nzima, wakati ile ya kwanza ilichukua saa moja. Kabla ya kupaka rangi nilimwita yule mzee aje auone ukiwa mtupu. Akainama, akapitisha kidole, hakusema kitu. Aliwaita vijana wake wakapakia magunia, halafu akawaambia wote washuke waende kwa miguu nyuma ya tela mpaka mteremko uishe.

Na mpaka leo, hakuna mtu anayepanda juu ya tela lile. Mshono ni mzuri, naamini hivyo. Lakini utaratibu ule wa mzee mimi siupingi, na ninyi msiupinge.

Kazi njema, na kahawa iwe nyekundu.